Kuihoji Hazina ya Mazungumzo ya Kazini: Lugha ya SQL Mbele ya Mofolojia ya Kiswahili

Kauli "tulitafuta, hatukuona kitu" imepata nguvu mpya katika ofisi za siku hizi. Zamani aliyetaka kujua kama mfanyakazi fulani aliwahi kulalamika alifungua jalada, akasoma barua moja baada ya nyingine, na macho yake yakawa ndiyo kipimo. Siku hizi malalamiko mengi hayaandikwi kwa barua. Huandikwa kwa mstari mmoja wa ujumbe katika kikundi cha idara, saa yoyote, kwa lugha yoyote iliyo karibu na kidole. Ujumbe huo hukusanyika kwa maelfu, na anayetaka kuuchunguza hana budi kuiachia kompyuta kazi ya kusoma. Kompyuta ikirudi mikono mitupu, jibu lake huchukuliwa kuwa ushahidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, ujumbe ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili, mikono hiyo mitupu mara nyingi ni matokeo ya sarufi wala si ya ukimya wa watu, na kwamba jambo hilo ni la wanaisimu kabla halijawa la mafundi.

Yafaa kwanza kueleza lugha yenyewe inayotumiwa kuihoji hazina hiyo. Mnamo mwaka 1970 E. F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alitoa makala iliyopendekeza kwamba data zote ziwekwe katika majedwali, na kwamba anayezihitaji asitakiwe kujua zimehifadhiwaje ndani ya mashine. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa maelezo ya lugha ya kuyahoji majedwali hayo. Waliiita SEQUEL, na herufi ya E iliyo baada ya S ilisimamia Kiingereza: walikusudia kwa makusudi mazima lugha ambayo Mwingereza au Mmarekani asiye fundi angeweza kuisoma kama sentensi ya kwao. Baadaye jina lilifupishwa kuwa SQL, kwa kuwa kampuni moja ya ndege ya Uingereza ilikuwa imekwisha kulisajili lile la kwanza. Mwaka 1986 lugha hii iliwekewa kanuni rasmi nchini Marekani, na mwaka 1987 kanuni hizo zikakubaliwa kimataifa.

Sentensi ya SQL ina umbo ambalo mwanasintaksia hawezi kulipita bila kulitazama. Huanza na kitenzi cha kuamuru, kikafuata kile kinachotakiwa, kisha mahali kinapotoka, kisha sharti:

SELECT w.jina, u.wakati, u.matini
FROM ujumbe u JOIN watumiaji w ON w.nambari = u.mtumaji
WHERE u.matini LIKE '%lipa%'
ORDER BY u.wakati;

Maana yake ni: chagua jina, wakati na matini, kutoka jedwali la ujumbe likiunganishwa na la watumiaji, pale ambapo matini yana mfuatano wa herufi l-i-p-a mahali popote, kisha upange kwa wakati. Vitenzi vya lugha hii ni vya Kiingereza na havibadiliki. Majina ya majedwali na ya safu zake ni hiari ya mwandishi, na hapa yamewekwa ya Kiswahili bila mashine kununa. Jambo moja huwatatiza wanafunzi wengi. Mpangilio wa kuandika sio mpangilio wa kufikiri, kwa sababu kimantiki mashine huanza na FROM, ikaenda kwenye WHERE, na ndipo ikafika kwenye SELECT iliyotangulia mdomoni. Jambo la pili ni kwamba msemaji hasemi kazi ifanywe vipi. Husema anachotaka tu, na njia huachiwa mashine.

Ujumbe wenyewe hufika ukiwa na sura mbalimbali. Huduma ya Slack, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, humpa msimamizi wa ofisi furushi la mafaili ambamo kila kikundi kina faili moja kwa kila siku, na ndani yake kila ujumbe una matini, alama ya mtumaji na wakati. Jina la mtu halimo. Limo katika faili jingine, na hiyo ndiyo sababu ya kuunganisha majedwali mawili katika ulizo la hapo juu. WhatsApp, ambayo ndiyo ofisi halisi ya Wakenya wengi hata pale mwajiri alipolipia huduma nyingine, hutoa faili la maandishi matupu, na tarehe zake hufuata mpangilio wa simu iliyolitoa, ama siku kwanza ama mwezi kwanza. Kazi ya kuyahamisha haya yote hadi kwenye majedwali inachosha lakini haina fumbo. Kwa hazina ya kadiri ya ofisi moja, programu ya SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo hazina yake nzima ni faili moja tu, inatosha. Kwa hazina kubwa zaidi hutumiwa PostgreSQL na jamaa zake.

Fumbo huanza pale mtu anapoandika neno analolitafuta. Ichukuliwe kwa mfano ofisi ya kubuni ya walinzi wa usiku, ambamo pana mgogoro wa malipo ya saa za ziada. Walinzi wanasema walilalamika mara nyingi katika kikundi cha kazi. Mwajiri anasema hakuna aliyelalamika, na kama ushahidi analeta jibu la ulizo lililoandikwa hapo juu, lile la neno "lipa". Tuseme ndani ya hazina hiyo mna ujumbe huu minne: "Hawalipi saa za ziada tangu Machi", "Tulipeni hela zetu jamani", "Mbona malipo ya usiku hayaonekani?", "Sisi wa zamu ya usiku hatukulipwa". Msomaji yeyote wa Kiswahili ataona malalamiko manne. Ulizo halitaona hata moja. Katika kauli ya kwanza ukanushi wa wakati uliopo umegeuza kiishio a kuwa i; katika ya pili amri ya wengi imekigeuza kuwa eni; katika ya tatu kitenzi kimekuwa nomino; katika ya nne kauli ya kutendwa imepenyeza w kati ya mzizi na kiishio. Mfuatano l-i-p-a haumo popote.

Na si kwamba ulizo litarudi bila kitu, jambo ambalo lingemshtua mtafutaji. Litarudi na "nilipata baridi jana", na "fundi alipaka rangi geti", na "wageni walipanda ghorofani". Mwajiri atakuwa na kurasa tatu za ujumbe usiohusu mshahara, na atasema kwa moyo mweupe kwamba alisoma yote.

Mwenye ujuzi kidogo wa isimu atapendekeza mara moja kwamba itafutwe lip- badala ya lipa, yaani mzizi badala ya neno. Ulizo la '%lip%' kweli litayanasa malalamiko yote manne. Lakini litanasa pia gharika. Sababu yake ni ya kisarufi na inastahili kutazamwa kwa makini. Kiambishi cha wakati uliopita ni li. Kila kitenzi kinachoanza kwa p kikitanguliwa na kiambishi hicho huzaa mfuatano l-i-p: nilipiga, walipewa, ulipasuka, zilipotea. Juu ya hayo, kirejeshi cha wakati na mahali ni po, nacho hufuata li moja kwa moja: alipofika, tulipokuwa, nilipo. Kwa hiyo kila anayesimulia jambo lililopita, na ujumbe wa kazini ni masimulizi ya mambo yaliyopita kwa sehemu kubwa, hutoa lip bila kuwaza fedha. Kelele hii si ajali ya tahajia kama ile ya mlipuko au klipu. Imo katika uti wa mgongo wa lugha.

Mizizi mingine hupata balaa lililo kinyume. Atafutaye iba hatampata mwizi. Atafutaye pik- hatampata mpishi, wala andik- haimfikii mwandishi, wala lind- haimfikii mlinzi, maana konsonanti ya mwisho ya mzizi hugeuka mbele ya kiishio i cha mtendaji. Maneno mafupi ni mabaya kupita yote. Mtu akitafuta habari za ufa ukutani kwa kuandika '%ufa%', atapewa kila kufanya, kila kufahamu na kila kufagia kulikowahi kuandikwa, na nyufa, iliyo wingi wa ufa, ataipata kwa bahati tu kwa kuwa herufi tatu hizo zimesalia ndani yake. Wingi wa jino na jicho haumpi hata bahati hiyo.

Mafundi wana jibu lao kwa matatizo ya namna hii, nalo ni faharasa ya maneno. Badala ya kupekua kila herufi wakati wa kuuliza, programu huyakata matini kuwa maneno mapema, ikayapanga, na mara nyingi ikayapunguza hadi kwenye shina. Kanuni maarufu ya kupunguza ni ile ya Martin Porter, iliyochapishwa mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza. Hukata viambishi tamati peke yake, kwa kuwa Kiingereza hunyambulika zaidi mwishoni. Ikipewa Kiswahili, ambacho mlango wake wa mbele umejaa nafsi, wakati, kirejeshi na yambwa, kanuni hiyo hukata mahali pasipokatwa na kuacha panapokatwa. Neno asipate ni mfano wa kuchekesha kama si wa kusikitisha. Kwa kuwa kanuni inakitambua kiishio ate cha Kiingereza, hukiondoa chote na kubakiza asip, yaani nafsi, ukanushi, na konsonanti moja iliyosalia ya mzizi pat-. Kilichotupwa ndicho kilichobeba maana.

PostgreSQL ina kanuni za kupunguza maneno za lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kituruki, Kitamili na Kiindonesia. Kiswahili, chenye wasemaji wa makumi ya mamilioni, hakimo katika zile zinazokuja na programu hiyo. Mtumiaji hubakiwa na mpango uitwao simple, ambao hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo na kuishia hapo. Kwake amelipa, atalipa na hajalipa ni maneno matatu yasiyo na udugu. Upo pia uwezo wa kutafuta kwa mwanzo wa neno, kama lip ikifuatwa na nyota, lakini huo humfaa Mwingereza. Kwa Kiswahili utapata lipeni na lipa, na utakosa kila kitenzi kilichovaa nafsi yake. Tangu toleo la mwishoni mwa 2020 SQLite imekuwa na faharasa ya herufi tatutatu, inayotafuta mfuatano popote ndani ya neno kwa haraka. Inaharakisha '%lip%' lakini haiitofautishi lip ya kulipa na li-p ya kupita. Na mzizi usiofika herufi tatu, kama vile ule wa kula au kufa, hauwezi kuulizwa kwa faharasa hiyo bila kuongezewa viambishi.

Neno moja juu ya ng'. Kikataji cha kawaida cha SQLite huichukulia alama ya ritifaa kuwa mpaka wa neno. Hivyo aling'oa hukatwa kuwa aling na oa, na mtu anayetafuta habari za ndoa kwa neno oa ataletewa waliong'oa miti. Zaidi ya hayo, simu nyingi huandika ritifaa iliyopinda mahali pa ile iliyonyooka, na kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti kabisa. Dawa ipo: alama zote zigeuzwe kuwa moja kabla ya kuhifadhi, na kikataji kiamriwe kuihesabu ritifaa kama herufi. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kwamba tatizo lipo, na tatizo hilo hakuna anayeweza kulijua isipokuwa msomaji wa Kiswahili.

Hapa ndipo mofolojia inapoacha kuwa adui ikawa mshauri. Lugha za hifadhidata zinaruhusu ruwaza, yaani maelezo ya umbo la neno badala ya neno lenyewe. Katika PostgreSQL mtu anaweza kuandika:

WHERE matini ~* '\m[a-z]*lip(a|e|i|eni|wa|we|ia|ie|iwa|iwe)\M'

Ruwaza hii inasema: mwanzo wa neno, herufi zozote, kisha lip, kisha mojawapo ya viishio vilivyotajwa, kisha mwisho wa neno. Alipata huondoka, kwa kuwa ata si kiishio kinachokubaliwa. Alipofika na alipo huondoka vilevile. Na ajabu iliyo nzuri kuliko zote ni ile ya alipewa na alipiwa. Kwa macho ya haraka maneno hayo yanafanana, lakini la kwanza ni a-li-pewa, kutoka kupa, na la pili, katika maana inayotafutwa, ni a-lipiwa, kutoka kulipia. Upatanifu wa irabu unadai kwamba mzizi wenye i uchukue iwa, hauwezi kuchukua ewa. Kwa hiyo kumwacha ewa nje ya orodha kunawaondoa wote waliopewa bila kumgusa hata mmoja aliyelipiwa. Kanuni ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huikariri kwa ajili ya mtihani inafanya hapa kazi ya ungo.

Ungo huo una matundu. "Jibu lipi?" litapita, maana lipi ya kuuliza ina umbo lilelile; malipo na mlipaji zitabaki nje hadi zitajwe kwa majina yao; tunalipwaje itaanguka kwa ajili ya je iliyobandikwa mwishoni, na kadhalika walipao kwa kirejeshi chake. Kila tundu linaweza kuzibwa kwa kuongeza tawi, na kila tawi huirefusha ruwaza hadi isomeke kwa shida. Hiyo ndiyo hoja ya wanaopendelea njia nyingine, ambayo pengine ni bora: neno lichambuliwe mara moja tu, wakati linapoingia hazinani, na uchambuzi uhifadhiwe katika jedwali lake lenyewe. Uchambuzi wa namna hiyo si ndoto. Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa mwaka 1983 nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, na katika chuo kikuu hichohicho Arvi Hurskainen akajenga juu yake kichanganuzi cha Kiswahili kiitwacho SWATWOL. Jedwali la maneno likiwa na safu za umbo, mzizi, kauli na ukanushi, ulizo la mgogoro wa walinzi huwa fupi na lenye adabu:

SELECT u.wakati, u.matini
FROM ujumbe u JOIN maneno n ON n.ujumbe = u.nambari
WHERE n.mzizi = 'lip' AND n.ukanushi = 1;

Hapo hawalipi na hatukulipwa hutoka pamoja, na nilipata haiji kabisa.

Lakini wafanyakazi hawaandiki Kiswahili cha vitabu, wala hawatazamiwi kukiandika. Mlinzi anaweza kulalamika kwa kusema "doo ya overtime haijaingia", au "chapaa ziko wapi", au "salo imekatwa tena". Hakuna lip ndani ya kauli hizo, na mchanganuzi uliojengwa kwa Kiswahili sanifu utazitazama kama mgeni. Huandikwa pia kwa mkato: cjui kwa sijui, 2taonana kwa tutaonana, xaxa kwa sasa. Njia inayofaa ni kutengeneza jedwali la visawe, ambamo kila umbo la mtaani limeandikwa kando ya dhana yake, na kuliunganisha na la ujumbe kama yanavyounganishwa mengine. Jedwali hilo ni kamusi, na haliwezi kutungwa na mtu asiyekaa na watu hao. Vyuo vinavyowatuma wanafunzi kukusanya misamiati ya Sheng' kila mwaka na kuiacha ioze kabatini vingeweza kuitumia hapa.

Kuna mtego mwingine ambao hauhusu maneno bali mantiki. Ichukuliwe kwamba katika jedwali la ujumbe mna safu iitwayo jibu_la, inayotaja nambari ya ujumbe unaojibiwa. Kwa ujumbe usio jibu, safu hiyo ni tupu. Anayetaka kuona malalamiko yasiyojibiwa ataandika kwa wepesi:

SELECT nambari, matini FROM ujumbe
WHERE nambari NOT IN (SELECT jibu_la FROM ujumbe);

Jibu litakuwa tupu, hata kama nusu ya malalamiko hayakujibiwa. SQL haina kweli na uongo tu. Ina thamani ya tatu, haijulikani, nayo hutokea kila palipo na utupu uitwao NULL. Mashine ikiulizwa kama nambari 57 haimo katika orodha ambayo kitu kimoja chake hakijulikani, haiwezi kuapa kwamba haimo, kwani huenda kile kisichojulikana ndicho 57. Kwa kuwa haiwezi kuapa, huuacha ujumbe huo, na hufanya vivyo hivyo kwa mingine yote. Mwajiri atasoma utupu huo kuwa "kila lalamiko lilijibiwa". Namna iliyo salama ni ile ya NOT EXISTS, inayouliza kama kuna mstari wowote unaoujibu ujumbe huu:

WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM ujumbe j WHERE j.jibu_la = u.nambari)

Yaelekea Mswahili hapaswi kushangazwa sana na jambo hili. Lugha yake imekuwa ikitenganisha hakujibu na hajajibu tangu zamani, na anajua kwamba la pili si ukanushi uliokwisha. Hata hivyo mfanano huo usivutwe mbali: hajajibu inangoja wakati, NULL inangoja habari.

Uwezo wa kuuliza hauleti ruhusa ya kuuliza. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mtu, pamoja na faragha ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai kwamba data za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisitumiwe kinyume chake. Tanzania ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kwa upande wa mahakama, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka rekodi ya kompyuta iandamane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa. Kwa hiyo ulizo lenyewe, herufi kwa herufi, linapaswa kuhifadhiwa pamoja na jibu lake. Karatasi yenye jibu bila ulizo ni nusu ya ushahidi. Hapa hata jamii ya wasomi haina mikono safi. Tasnifu zinazonukuu ujumbe wa vikundi vya kazi bila waliouandika kuombwa idhini zimekuwa si haba, na utetezi wa kawaida ni kwamba majina yalifutwa. Majina kufutwa hakutoshi. Katika kikundi cha watu kumi na watano mtu hutambulika kwa jinsi anavyofupisha maneno, kwa salamu yake, na kwa saa anayopenda kuandika.

Saa nayo ina habari zake. Hifadhidata nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa kuingia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Ujumbe ulioandikwa Nairobi saa tatu asubuhi huhifadhiwa kama 06:00. Asiyeongeza saa tatu za tofauti atahesabu vibaya, na ujumbe uliotumwa saa saba na nusu za usiku wa kuamkia Jumatatu utaangukia Jumapili. Katika SQLite marekebisho ni mepesi:

datetime(wakati, 'unixepoch', '+3 hours')

Kilicho kigumu ni saa iliyo ndani ya matini, ambayo hakuna amri ya kuirekebisha. Mlinzi anayeandika "nimefika saa 1" akiwa zamu ya usiku anasema 19:00, na msimamizi aliyesoma kwa saa ya Kizungu ataona amechelewa saa sita. Kwa wazee wa pwani siku huanza magharibi, si usiku wa manane; kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi inauita usiku wa Alhamisi. Mmoja wao akiandika "nilikesha lindoni usiku wa Ijumaa", na ulizo likawekewa mipaka ya kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi alfajiri, ujumbe wake wote wa zamu hiyo utabaki nje ya mipaka, na hazina itaonyesha kwamba usiku huo alikuwa kwake amelala.